Kwenda Katmai: Mwongozo Kamili wa Kuwaona Dubu na Bonde la Majivu, Alaska

Mtu aliyezoea hifadhi zetu atashangazwa na jambo moja akifika Katmai: hakuna gari la kutazamia wanyama. Serengeti au Maasai Mara unamtazama simba ukiwa umeketi garini, injini imezimwa, dereva ameshakuonya usishuke. Katmai unatembea kwa miguu kwenye njia ileile anayopita dubu, na mwenye njia ni yeye. Mkikutana, wewe ndiye unayepisha. Maandalizi yote nitakayoeleza hapa yanatokana na hilo.

Hifadhi ya Taifa ya Katmai iko kusini-magharibi mwa Alaska, Marekani, pale rasi ndefu ya Alaska inapoanza kujichomoza kuelekea Pasifiki. Ukubwa wake ni takriban kilomita za mraba 16,500, kwa hiyo inaipita Serengeti. Hakuna barabara inayoiunganisha na miji mikubwa. Ndani yake wanaishi dubu wa kahawia wapatao 2,200, na kuna volkano zisizopungua 14 zinazohesabiwa kuwa hai. Wengi siku hizi huenda kwa ajili ya dubu, lakini eneo hili lilianza kulindwa mwaka 1918 kwa sababu ya volkano. Hadhi ya hifadhi ya taifa ilikuja mwaka 1980. Ninakusihi mapema usiende kwa dubu peke yao. Nitalirudia hili tukifika bondeni.

Kwanza, chagua tarehe kwa kalenda ya samaki

Watu wengi hupanga safari kwa likizo yao, kisha hutafuta dubu. Hapa panga kinyume chake. Dubu wa Mto Brooks humfuata samoni mwekundu, na samoni ana ratiba yake.

Mto Brooks ni mfupi sana, kilomita mbili na nusu hivi, unaounganisha Ziwa Brooks na Ziwa Naknek. Katikati yake kuna maporomoko yasiyozidi mita mbili. Mwishoni mwa Juni samoni huanza kupanda kutoka baharini kwenda kutaga, na wakifika pale hawana budi kuruka. Wakati huo samaki bado wana nguvu na mafuta, na ni vigumu kuwakamata penginepo mtoni, ndiyo maana dubu husimama juu ya maporomoko mdomo wazi. Mwezi wa Julai ndio kilele. Wamewahi kuonekana hata dubu 25 kwa wakati mmoja mahali ambapo ungeweza kurusha jiwe likavuka.

Agosti wengi huondoka. Samaki wametawanyika kwenye vijito, na dubu nao hutawanyika. Ukiona bei nafuu ya Agosti, kumbuka sababu.

Septemba wanarudi. Samoni wameshataga, wamechoka, wanakufa, na miili yao inateremka na maji. Dubu sasa hawana haja ya kurukiwa na samaki mdomoni, wanaokota tu, hasa sehemu ya chini ya mto karibu na daraja. Hawa si dubu wale uliowaona Julai. Wamenenepa hadi tumbo linakaribia kugusa mchanga, na dume mkubwa aweza kupita kilo 450. Wanahitaji mafuta hayo, kwa sababu katika usingizi wa majira ya baridi watapoteza hata theluthi ya uzito wao bila kula kitu.

Basi chaguo ni hivi: ukitaka ile picha ya samaki angani mbele ya mdomo wa dubu, nenda Julai na uvumilie umati. Ukitaka dubu wanene na watu wachache, nenda katikati ya Septemba, lakini ujue baridi na dhoruba zimeanza. Mimi ningechagua Septemba.

Kabla ya kulipa chochote, tazama kamera

Mto Brooks una kamera zinazorusha picha moja kwa moja mtandaoni tangu 2012, bure. Tumia wiki kadhaa kuzitazama. Katika majira ya joto Alaska iko nyuma ya Afrika Mashariki kwa saa 11, kwa hiyo saa 3 usiku ya Mombasa kule ni saa 4 asubuhi, na dubu wako kazini.

Hii si burudani tu. Utajifunza mambo ambayo mgeni wa siku moja hayapati: nani anamwachia nani nafasi, mama mwenye watoto anakaa wapi, dubu aliyekasirika anaanzaje kuonyesha hasira. Dubu wengi pale wana namba, na baadhi wana majina. Namba 480, aliyeitwa Otis, alishinda mara nne katika shindano la mtandaoni la kumchagua dubu aliyenenepa vizuri zaidi, ambalo lilianza mwaka 2014 na hufanyika karibu na mwanzo wa Oktoba. Otis alikuwa mzee mwenye meno mabovu, na alishinda kwa kuketi mahali pamoja akingoja samaki. Nilipojua habari zake nilianza kuutazama ule mto kwa jicho tofauti.

Nafasi ya kulala

Brooks Camp ndiyo kituo kikuu. Kuna njia tatu za kukitembelea.

Ya kwanza ni kwenda na kurudi siku hiyohiyo kwa ndege ndogo. Inawezekana, na wengi hufanya hivyo, lakini ni ghali kwa saa chache, na hali ya hewa ikiharibika umepoteza yote.

Ya pili ni nyumba ya wageni iliyopo hapo. Ina vyumba vichache, na nafasi hugawiwa kwa bahati nasibu zaidi ya mwaka mmoja kabla. Jiandikishe, lakini usiitegemee.

Ya tatu, ninayoipendekeza, ni uwanja wa kambi. Unachukua watu 60 tu na umezungushiwa uzio wa umeme. Ada ya msimu ni dola 18 kwa kila mtu kwa usiku mmoja (thibitisha kwenye tovuti ya hifadhi kabla ya kulipa), na kuingia hifadhini kwenyewe hakuna kiingilio. Nafasi za mwaka mzima hufunguliwa tarehe 5 Januari, saa 2 kamili asubuhi ya Alaska, kwenye tovuti ya serikali ya recreation.gov. Wakati huo wa mwaka tofauti ya saa huwa 12 kamili, kwa hiyo Nairobi na Dar es Salaam ni saa 2 usiku. Fungua akaunti siku kadhaa kabla, weka kadi ya benki, chagua tarehe tatu mbadala, na uwe mbele ya kompyuta saa 2 kasoro dakika kumi. Nafasi za Julai huisha kwa dakika. Mwezi huo huruhusiwi kukaa zaidi ya siku saba.

Njia ya kufika

Kwa raia wa nchi zetu, viza ya Marekani ndiyo hatua ya kwanza, na masharti yake yamebadilika kwa baadhi ya nchi tangu 2025. Anzia kwenye tovuti ya ubalozi, pata jibu, ndipo ununue tiketi. Kwa ndugu walioko Marekani tayari, hii ni safari ya ndani.

Unaruka hadi Anchorage. Kutoka hapo kuna ndege ya abiria ya saa moja na kitu hadi King Salmon, kijiji kidogo chenye uwanja mkubwa wa ndege uliojengwa na jeshi. Kituo cha taarifa za hifadhi kiko palepale kando ya uwanja. Halafu unapanda ndege ndogo yenye maboya badala ya magurudumu, na baada ya nusu saa hivi inatua juu ya maji ya Ziwa Naknek. Zipo pia boti.

Kuhusu ndege hizi ndogo, zingatia mambo mawili. Utapimwa wewe pamoja na mzigo wako, kwa hiyo tumia mabegi laini na uache sanduku gumu Anchorage. Pili, rubani haruki asipoona. Mimi nilikwama King Salmon siku moja na nusu kwa sababu ya ukungu, na usiku mmoja wa kambi niliokuwa nimeulipia ukapita nikiwa nimekaa dirishani. Tangu hapo kila anayeniuliza namwambia: weka siku mbili za ziada, moja ya kwenda na moja ya kurudi, na usikate tiketi ya ndege ya kimataifa kwa siku ileile unayotoka Brooks.

Mzigo

Julai joto la mchana kwa kawaida ni nyuzi 13 hadi 18, na usiku hushuka sana. Mvua ni jambo la kila siku. Mwavuli hautakufaa kwa ule upepo. Chukua koti na suruali za mvua za kweli, sweta za sufi au za kitambaa kisichoshika maji, kofia ya kufunika masikio, na viatu imara. Acha jinzi nyumbani, ikilowa haikauki. Mbu wako wengi, na wapo inzi wadogo weusi wenye kuuma vibaya kuliko mbu, basi leta chandarua cha kichwani. Kitambaa cha kufunika macho wakati wa kulala kitakufaa pia, kwa sababu mwanzoni mwa Julai jua linazama baada ya saa 5 usiku.

Mtungi wa gesi ya jiko na dawa ya pilipili ya kufukuzia dubu haviruhusiwi kwenye ndege ya abiria, hata katika mzigo wa chini. Hivyo utavipata ukishafika. Dawa ya pilipili mwambie rubani wa ndege ndogo unayo, ataiweka ndani ya boya, nje ya chumba chenu.

Mtandao wa simu hakuna. Ukipanga kutoka nje ya Brooks Camp, kodi kifaa cha kutuma ujumbe kwa setilaiti.

Shule ya dubu na sheria zake

Ukishuka kwenye ndege, kabla ya kwenda popote, unapelekwa darasani. Somo ni fupi, na ukimaliza unapewa beji ndogo ya kuvaa. Mhifadhi alituomba tukung'ute mifuko yote. Nilikuwa na hakika sina kitu, nikatoa pakiti ya karanga niliyoisahau tangu Anchorage. Niliona aibu, lakini nilielewa pia kwa nini wanasisitiza hivyo.

Kisa ni hiki. Dubu wa Brooks wamezoea kuwaona watu bila kuwahusisha na chakula. Siku dubu mmoja akipata mkate kwenye begi la mtu, mazoea hayo yamevunjika. Ataanza kufuata mabegi, na mwisho wake huwa ni kuuawa kwa dubu huyo au kujeruhiwa kwa mtu. Kwa hiyo njiani na kwenye majukwaa ya kutazamia dubu hubebi chakula chochote, hata pipi, wala soda au juisi. Maji matupu tu. Chakula kinakaa kwenye banda maalumu la kuhifadhia, pamoja na dawa ya meno, sabuni na kila chenye harufu. Unakula ndani ya maeneo yaliyotengwa. Hemani hakiingii hata kipande cha tunda.

Umbali wa chini kutoka kwa dubu yeyote ni mita 45, isipokuwa ukiwa juu ya jukwaa. Akikusogelea, wewe ndiye unayeongeza umbali. Mengine yaweke akilini kabla hujafika:

Ongea unapotembea, piga makofi kwenye kona na kwenye majani marefu. Dubu aliyeshtuliwa ni hatari kuliko dubu aliyekusikia mapema. Tembeeni pamoja.

Ukimwona, simama. Usikimbie kamwe, hata mita tano. Ana mbio kuliko wewe, na kukimbia kunamwamsha kufukuza. Zungumza kwa sauti ya chini, rudi nyuma taratibu au toka njiani, mwachie apite.

Jifunze dalili za dubu aliyebanwa: anapiga miayo bila usingizi, mate yanamtoka, anapumua kwa kishindo, anagonganisha taya. Hapo umeshakaribia mno.

Usikae kamwe kati ya mama na watoto wake. Na ukivua samaki, ukasikia dubu anakuja, kata uzi.

Ikitokea amekugusa kwa kujihami, lala kifudifudi, begi mgongoni, mikono nyuma ya shingo, utulie mpaka aondoke kabisa. Brooks Camp ni nadra mno kufikia huko, na sababu ni kwamba sheria zinafuatwa. Hifadhi ina kumbukumbu chungu: Oktoba 2003 watu wawili waliopiga kambi upande wa pwani ya Katmai waliuawa na dubu. Mmoja wao alikuwa ameishi kati ya dubu majira mengi ya joto na aliwapenda kweli, lakini kuwapenda hakukumwondolea hatari.

Maporomokoni

Kutoka kambini unavuka daraja refu la juu lililokamilika mwaka 2019. Kabla yake watu walikuwa wakisubiri saa nzima au zaidi dubu aliyelala karibu na daraja aamke. Bado unaweza kusimamishwa njiani, kwa hiyo anza mapema. Hadi maporomokoni ni karibu kilomita mbili za njia ya msituni, na kati ya 15 Juni na 15 Agosti njia hufungwa saa 4 usiku hadi saa 1 asubuhi.

Jukwaa la maporomoko huchukua watu 40. Julai utaandikisha jina, utasubiri, na ukiingia unapewa muda maalumu, halafu unatoka na kujiandikisha upya. Wageni wa siku moja hujaa kuanzia asubuhi hadi alasiri, na ndege zao zikishaondoka jukwaa linapumua. Hapo ndipo aliyelala kambini anapopata faida yake. Nenda jioni, ukakae hata bila kamera. Utaona dume mkubwa akichukua mahali pake bila kupigana, wadogo wakihama wenyewe, na shakwe wakigombania mabaki. Dume kama huyo huweza kumaliza samaki zaidi ya 30 kwa siku, na kadiri anavyoshiba ndivyo anavyochagua: ngozi, ubongo na mayai, nyama anawaachia wengine.

Kando ya njia kuna nyumba ya kale iliyojengwa upya, iliyochimbwa nusu chini ya ardhi. Watu wameishi na kuvua kwenye mto huu kwa zaidi ya miaka 4,000. Wengi hupita mbio kuelekea kwa dubu. Simama hapo dakika kumi.

Bonde la Moshi Elfu Kumi

Hapa ndipo ninapokuomba uongeze siku.

Tarehe 6 Juni 1912 ardhi ilipasuka mahali ambapo baadaye paliitwa Novarupta. Mlipuko uliendelea kwa saa 60 hivi, na hakuna mwingine uliotoa mawe na majivu mengi kuliko huo katika karne yote ya 20, takriban mara 30 ya ule wa volkano ya Mount St. Helens, Marekani, wa 1980. Mji wa Kodiak, kilomita 160 mbali, ulikaa gizani kwa siku tatu chini ya majivu. Kilele cha Mlima Katmai, kilomita 10 kutoka penye tundu, kiliporomoka kwa sababu mawe yaliyoyeyuka yalikuwa yamefyonzwa kutoka chini yake. Kwa muda mrefu wataalamu waliamini Mlima Katmai ndio uliolipuka. Ukweli ulibainika miaka ya 1950.

Hakuna anayejulikana kuuawa moja kwa moja na mlipuko ule, kwa kuwa watu wa Alutiiq walioishi pale walizisoma dalili za mitetemeko wakaondoka. Lakini vijiji vyao havikukalika tena, na wengine walihamishiwa mahali papya panapoitwa Perryville. Msomaji wa Goma anayekumbuka Nyiragongo hahitaji kuelezwa maana ya kuondoka mahali usipoweza kurudi.

Mwaka 1916 mtaalamu wa mimea Robert Griggs alifika akaona bonde zima likitoa mvuke kutoka kwenye maelfu ya matundu, akalipa jina. Usitarajie moshi huo leo. Majivu yalipoa, mvuke ukaisha. Kilichobaki ni uwanda mkubwa wa rangi ya waridi na kijivu, usio na mti, uliokatwa na mito kama kwa kisu, majivu yakiwa na kina cha hadi mita 200 katika baadhi ya sehemu. Wanaanga wa Apollo waliletwa hapa mwaka 1965 na 1966 kujifunza jiolojia kabla ya kwenda mwezini.

Jinsi ya kufika: kuna basi kutoka Brooks Camp, kilomita 37 za barabara ya vumbi inayokatiza vijito, pamoja na mhifadhi. Safari huchukua siku nzima, na nafasi ni chache, kwa hiyo weka nafasi yako pamoja na ya ndege. Mwisho wa barabara kuna kibanda chenye madirisha yanayotazama bonde. Ukiwa na miguu mizima teremka na kundi hadi kwenye maporomoko ya Ukak, kama kilomita tano na nusu kwenda na kurudi. Kupanda wakati wa kurudi kunachosha, lakini ukibaki kibandani utakuwa umeliona bonde kwa mbali tu, wala hutaokota yale mawe mepesi yanayoelea majini. Yatazame na uyaache. Kuchukua hata moja ni kosa.

Kulala bondeni ni kwa wazoefu peke yao. Upepo huinua majivu yakakuingia machoni, na Mto Lethe, mwembamba kiasi cha kukudanganya, una nguvu ya kumbeba mtu. Anayekwenda aazime hifadhini mapipa magumu ya chakula, avae miwani ya kuziba, na avuke mito asubuhi na mapema maji yakiwa yamepungua.

Ukikosa Brooks

Upande wa pwani, kama Hallo Bay, ndege ndogo huenda kutoka Homer na Kodiak. Huko mwanzoni mwa msimu utawaona dubu wakila nyasi kama ng'ombe na kuchimba chaza ufukweni maji yakipwa. Hakuna majukwaa, kwa hiyo nenda na kiongozi tu.

Siku ya kuondoka

Kunja hema mapema, chakula chako ukitoe bandani mwisho kabisa, na usiache begi ufukweni hata dakika moja unapongoja ndege, kwa maana dubu hupita ufukwe huo kutwa. Ndege ikichelewa, mwulize mhifadhi mahali pa kusubiri. Dubu akitokea wakati mmeanza kupanda, upandaji unasimama na rubani anangoja. Kaa na wenzako karibu, begi mkononi, mpaka amalize kupita.